Modemu ya laptopu imegoma kwenye Linux? Achana na kodi kwanza, angalia intarapti

Naona watu wengi modemu ikigoma wanakimbilia kufungua kodi ya draiva ya 8250 (draiva ya poti za serial kwenye Linux) na kuanza kumwaga printk (ujumbe wa kerneli wa kutafutia hitilafu) kila mahali. Tulia kwanza. Hakikisha hiyo modemu ya laini ya simu ina UART kweli (chipu inayotuma na kupokea data ya serial), maana modemu nyingi za ndani ya laptopu ni winmodemu tu, kazi yote ya kuchakata sauti ya simu inafanywa na prosesa ya kompyuta kwa programu, kwa hiyo rejista za kuongea nazo hazipo na draiva ya serial utaisoma mpaka kuche bure.

Kerneli yenyewe inapima hivi: inaandika 0 kwenye IER (rejista ya UART ya kuwasha intarapti) inasoma, inaandika 0x0F inasoma tena, majibu yasipolingana inasema hapa hamna kitu. Ikipita hapo inawasha loopback (chipu kujirudishia ishara zake yenyewe) kwenye MCR, rejista ya kuongoza modemu, na kutegemea 0x90 kwenye biti za juu za MSR, rejista ya hali ya modemu. Poti tupu kwa kawaida inakurudishia 0xFF tu, hiyo ukiiona usibishane nayo.

Sasa UART ipo, ttyS (jina la poti ya serial kwenye Linux) imetokea, unatuma amri ya modemu AT halafu jibu lake OK linakuja baada ya sekunde kadhaa tena vipandevipande. Hiyo asilimia kubwa ni IRQ, yaani laini ya intarapti ambayo chipu inaitumia kuiita kerneli, na ndo inayopotezea watu muda kuliko zote kwa sababu inaonekana kama kitu kinafanya kazi ila kizembe. Baiti zimeshafika kwenye FIFO (foleni ndogo ndani ya chipu), zimekaa, hakuna wa kuiamsha kerneli. Jaribu setserial /dev/ttyS2 irq 0, hapo draiva inaacha kusubiri intarapti inakuwa inachungulia yenyewe kwa taima, modemu ikichangamka ghafla basi mwizi umemkamata. Faili ya /proc/interrupts, inayoonyesha hesabu ya intarapti, iangalie poti ikiwa imefunguliwa, ikiwa imefungwa hiyo laini hata huioni na utadhani draiva haijasajili kitu.

Kumbuka pia COM1 na COM3 (ttyS0 na ttyS2) kwa desturi zote ziko IRQ 4, COM2 na COM4 (ttyS1 na ttyS3) ziko IRQ 3, na kwenye laptopu za zamani infraredi mara nyingi inajibanza hapohapo kwenye 3. Basi ya ISA (ya kadi za PC za zamani) intarapti zake ni za ukingo, yaani zinasikika laini inapopanda tu, hivyo handler (kodi inayojibu intarapti) ikitoka kabla haijamaliza chipu zote zinazodai, laini inabaki juu na hutasikia tena kitu. Na kwenye PC, biti ya OUT2 kwenye MCR isipowashwa, intarapti ya chipu haifiki kabisa kwenye laini ya IRQ, hii wanaisahau sana wanaoandika draiva zao wenyewe.

Kama data inakuja ila ina mapengo, soma /proc/tty/driver/serial uone oe (hesabu ya baiti zilizopotea kwa FIFO kufurika) inapanda au la. Kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde na 8N1 (kila baiti inabeba biti 10 pamoja na za kuanza na kumaliza) unapata baiti 11520 kwa sekunde, yaani FIFO ya baiti 16 inajaa ndani ya milisekunde 1.4 hivi, kwa hiyo mtu yeyote akizima intarapti zaidi ya hapo umeshapoteza. Na printk ndani ya handler ni mojawapo ya hao watu, haswa konsoli ikiwa nayo iko kwenye serial, bora uhesabu tu kwenye kumbukumbu usome baadaye. Kwenye kerneli za zamani mshukiwa wangu wa kwanza ni diski ya IDE inayosoma bila DMA (prosesa inahamisha data yenyewe huku intarapti zimezimwa), piga hdparm -u1 kwenye hiyo diski ili intarapti nyingine ziruhusiwe, halafu uangalie oe kama imetulia.