Gliseroli ndani ya zeoliti: kompyuta inatuonyesha nini?

Ukitengeneza kilo 100 za biodizeli kwa mafuta ya mimea, hubaki karibu kilo 10 za gliseroli, kimiminika kizito kitamu. Sabuni, dawa na vipodozi hutumia sehemu tu ya ziada hiyo. Inayobaki inaweza kuondolewa maji: molekuli moja ya gliseroli ikipoteza molekuli 2 za maji, hugeuka akroleini, malighafi ya asidi ya akriliki ambayo viwanda kwa kawaida huipata kutokana na petroli.

Kazi hii huhitaji joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi na kichocheo (kitu kinachoharakisha badiliko bila chenyewe kutumika) chenye asidi, kama vile zeoliti, yaani fuwele ya silikoni, alumini na oksijeni iliyojaa vijia vyembamba mno. Aina iitwayo ZSM-5 ina vijia vya upana wa nanomita 0.55 hivi; gliseroli hupenya humo kwa kubanana. Alumini inaposhika nafasi ya silikoni, kiunzi hubaki na chaji hasi, na protoni huja kuisawazisha. Asidi yenyewe ndiyo protoni hiyo.

Sasa tazama gliseroli kwa karibu. Ina kaboni 3, kila moja imebeba kundi la hidroksili (oksijeni moja na hidrojeni moja). Protoni ikilishika la katikati na kuling'oa likiwa maji, molekuli huelekea kwenye 3-hidroksipropanali, ambayo nayo hupoteza maji ya pili na kuwa akroleini. Likitangulia kung'oka la pembeni, hupatikana zao jingine, asetoli. Hatua za katikati hupita upesi mno, na maabara aghalabu hupima kilichotoka mwishoni.

Kwa hiyo tunaijenga zeoliti kwenye kompyuta. Kipande kidogo kabisa cha ZSM-5 kinachojirudia kina silikoni 96 na oksijeni 192. Tunapachika alumini na protoni, tunaingiza gliseroli, kisha tunakokotoa nishati kutokana na msongamano wa elektroni. Nadharia hiyo ndiyo iliyompatia Walter Kohn Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1998. Kinachotafutwa ni urefu wa kizingiti cha nishati, yaani nishati ambayo molekuli lazima ipate ili igeuke, katika kila njia: ya akroleini na ya asetoli. Mvutano hafifu kati ya gliseroli na kuta usipohesabiwa, molekuli itaonekana imeshikwa kwa ulegevu kuliko ilivyo.

Majibu haya yasimezwe mazimamazima. Kwa joto la nyuzi 300, kosa la kizingiti la kilojuli 10 kwa moli hubadilisha kasi kama mara 8, na kosa la kiasi hicho si ajabu. Binafsi naamini zaidi ulinganisho wa njia mbili kuliko kasi ya njia moja, maana katika kulinganisha makosa mengi hufutana.

Tena, mifano mingi huweka gliseroli moja katika kijia kisafi. Ndani ya mtambo kuna mvuke tele, na akroleini huungana yenyewe kwa yenyewe hadi kuacha mabaki ya kaboni yanayoziba vijia. Ndipo kichocheo huchomwa kwa hewa ya moto, kikarudishwa kazini.