Ushindani wa zabuni hufia mezani, kabla ya tangazo

NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma Tanzania, ulianza kutumika Julai 2023, na kufikia 1 Oktoba mwaka huo taasisi nunuzi zilitakiwa kuwa zimeachana na TANePS, mfumo uliotangulia. Ikafuata Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma, Na. 10 ya 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024. Leo zabuni inatangazwa, inajazwa, inafunguliwa na kutathminiwa ndani ya mfumo mmoja, na anayetaka kujua nani kapewa kazi gani anaanzia kwenye simu yake. Hayo ni mafanikio makubwa. Bahasha iliyochelewa haipenyezwi tena kwa mlango wa nyuma, wala ukurasa wa bei haunyofolewi usiku.

Lakini mfumo hutangaza kile ulicholishwa. Nyaraka za zabuni zikishonwa kwa kipimo cha mtu mmoja, zitatangazwa hivyo hivyo nchi nzima, na kila atakayezisoma ataona hazimhusu. Kwa sababu hiyo nikitaka kupima ushindani wa zabuni fulani sianzi na tangazo wala ripoti ya tathmini. Naanza na siku idara tumizi, yaani idara inayohitaji bidhaa au kazi hiyo, ilipoandika mahitaji yake.

Namba zinazofunga mlango

Spesifikesheni nzuri hueleza kazi inayotakiwa kufanyika. Mbaya hunakili kipeperushi cha muuzaji. Chukua mashine ya kurudufu: nyaraka zinadai "kurasa 47 kwa dakika, uzito usiozidi kilo 83, skrini ya inchi 10.1". Hakuna jina la kampuni lililotajwa, kanuni imeheshimiwa, na bado ni mashine moja tu sokoni inayoingia hapo. Ofisi ileile ingeweza kuandika: angalau kurasa 45 kwa dakika, karatasi za A3 na A4, mzigo wa kurasa 30,000 kwa mwezi, wino na vipuri vinavyopatikana nchini, fundi afike ndani ya saa 48. Hapo washindani wanne au watano wanaweza kuingia.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: kabla nyaraka hazijaidhinishwa, Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi kiandike kwenye jalada bidhaa tatu za watengenezaji tofauti zinazokidhi kila kigezo. Zikikosekana, nyaraka zirudi idara tumizi. Na kila namba yenye kikomo iwe na sababu yake kwa maandishi. Mtu aliyenakili kipeperushi hawezi kueleza kilo 83 zimetoka wapi.

Kwenye ujenzi mlango hufungwa na vigezo vya sifa za mkandarasi. Tuseme jengo la wagonjwa wa nje linakadiriwa shilingi milioni 900, kazi ya miezi 12. Nyaraka sanifu za Benki ya Dunia kwa kawaida huzidisha thamani ya kazi ya mwaka mmoja kwa 1.5 hadi 2 kupata mzunguko wa fedha, yaani mapato ya mwaka, anaotakiwa kuwa nao mzabuni, na kwa uzoefu hudai mkataba unaofanana wenye thamani ya takriban asilimia 70 hadi 80 ya makadirio. Hapa ni mzunguko wa bilioni 1.35 hadi 1.8, na kazi iliyotangulia ya milioni 630 hadi 720. Ukikuta nyaraka zinadai mzunguko wa bilioni 5 kwa miaka mitano mfululizo, na mikataba mitatu "ndani ya mkoa huu", umeshajua. Hilo sharti la mkoa ndilo linalonitia shaka kuliko yote, kwa sababu halina uhusiano wowote na uwezo wa kujenga. Linahusu nani aliwahi kujenga hapo.

Ukubwa wa kifurushi nao huchagua mshindi. Madawati 6,000 ya halmashauri nne yakiwekwa kwenye zabuni moja, karakana za seremala zote zinabaki nje na anashinda mfanyabiashara mwenye mtaji ambaye atakwenda kuwapa kazi mafundi walewale kwa bei ya kuwanyonya. Igawe zabuni katika loti, yaani mafungu, moja kwa kila halmashauri, ruhusu mtu aombe moja au zote, na umruhusu kutaja punguzo akipewa zaidi ya moja. Angalia tu usichanganye na kosa la kuchanachana manunuzi ili kila kipande kikae chini ya kiwango kinacholazimu ushindani. Tofauti yake ni kwamba loti hutangazwa siku moja, katika zabuni moja, mbele ya watu wote.

Deni la taasisi ni kodi kwenye zabuni ijayo

Kuna jambo ambalo wataalamu wa ununuzi hulizungumza kidogo mno. Kila mzabuni ana orodha kichwani ya taasisi zinazolipa na zisizolipa. Taasisi inayolipa baada ya miezi minane inapata wazabuni wachache, na hao wachache wanaweka gharama ya kusubiri ndani ya bei. Hesabu ni nyepesi: milioni 200 zilizokaa miezi minane, kwa mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, zinagharimu milioni 24. Hiyo ni asilimia 12 ya bei, na hakuna tofali hata moja lililoongezeka. Mzabuni mdogo asiyekopesheka haongezi bei, anaondoka kabisa. Vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, ambao sheria imewatengea asilimia 30 ya ununuzi, ndio wa kwanza kuumia, kisha wanaangukia mikononi mwa tajiri anayetumia jina la kikundi na kuwaachia posho.

Kwa maoni yangu, safu moja ya taarifa kwenye mfumo ingeleta ushindani zaidi kuliko semina kumi: kwa kila mkataba, onyesha hadharani tarehe ankara iliyokubaliwa ilipopokelewa na tarehe ilipolipwa.

Wasindikizaji

Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza njama katika zabuni, lakini njama hazisainiwi. Lazima zisomwe kwenye namba. Wazabuni watatu wameingia, mmoja kashinda, wawili walikuja kusindikiza. Jinsi ya kuwatambua: weka bei zao za kila kipengele kwenye jedwali moja, gawanya bei ya msindikizaji kwa bei ya mshindi. Washindani halisi hutofautiana ovyo. Huyu ana kokoto rahisi kwa sababu machimbo yako karibu naye, yule ana nondo za bei nafuu. Wakipangwa, uwiano unarudi uleule mstari baada ya mstari, 1.07, 1.07, 1.07, kwa sababu mtu mmoja alizidisha faili lote na kulikabidhi.

Tazama pia makosa. Neno lililokosewa herufi ileile katika zabuni mbili, jumla iliyokosewa kwa kiasi kilekile, dhamana za zabuni za benki moja zenye namba zinazofuatana, faili mbili zenye jina moja la mwandishi ndani yake, maombi mawili yaliyotumwa kutoka kompyuta moja. Mfumo wa kielektroniki una faida kubwa sana hapa kwa kuwa alama hizi zote huhifadhiwa. Kazi iliyobaki ni kuziuliza, na kuziuliza kwa mikataba ya miaka mitatu kwa pamoja, kwa sababu zamu huonekana kwa muda mrefu tu: A barabara hii, B ijayo, C ya tatu, na aliyeshindwa anaonekana baadaye akiwa mkandarasi mdogo wa mshindi. Kampuni tatu zinaweza kuwa za familia moja pia. BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, ina rejista ya wamiliki manufaa, yaani watu halisi walio nyuma ya kampuni, na pasipo kuisoma sambamba na orodha ya wazabuni, kamati ya tathmini inahesabu majina tu na kuyaita ushindani.

Mwenye bei ya chini anayekuja kuwa ghali

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kuvunja kanuni yoyote inayoonekana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye BOQ, jedwali la vipengele vya kazi na kiasi chake, kuna kuchimba udongo wa kawaida, mita za ujazo 4,000, na kuchimba mwamba, mita za ujazo 50. Mzabuni A anaweka udongo kwa 9,000 na mwamba kwa 180,000. Jumla yake milioni 45. Mzabuni B anaweka udongo kwa 12,000 na mwamba kwa 70,000. Jumla milioni 51.5. A anashinda kihalali kabisa.

Kazi inaanza, na chini kuna mwamba. Vipimo halisi vinatoka udongo mita 3,200 na mwamba mita 850. Kwa bei zake, A analipwa milioni 181.8. Kwa bei za B kazi ileile ingekuwa milioni 97.9. Ama A alibahatisha, ama kuna mtu alimwonyesha ripoti ya udongo ambayo wengine hawakuiona.

Dawa yake ina sehemu mbili. Kwanza, ripoti ya uchunguzi wa ardhi iwe sehemu ya nyaraka za zabuni, kwa wote, siku moja. Kama haipo, zabuni haiko tayari kutangazwa. Pili, kamati ya tathmini ipime bei ya kila kipengele dhidi ya makadirio ya mhandisi, na pale bei inapopishana sana ifanye jaribio: je, kiasi cha kipengele hiki kikiongezeka mara kumi, nani anakuwa wa chini? Jaribio hilo halichukui dakika 20 kwenye jedwali la kompyuta. Mzabuni aombwe mchanganuo wa bei, na dhamana ya utekelezaji iangaliwe upya kabla ya kusaini.

Na baada ya kusaini, uwazi usiishie kwenye jina la mshindi. Bei iliyotangazwa siku ya tuzo mara nyingi siyo iliyolipwa. Kila badiliko la mkataba, nyongeza ya muda, na kiasi cha mwisho kilicholipwa vinapaswa kukaa pale pale ilipo tuzo, kwa namba ileile ya zabuni. Slovakia walikwenda mbali zaidi: tangu 1 Januari 2011 mkataba wa serikali hauanzi kufanya kazi mpaka uchapishwe kwenye intaneti, na usipochapishwa ndani ya miezi mitatu unahesabika haukuwahi kufungwa. Ni kanuni kali na inafaa. Haimtegemei ofisa mwema, kwa kuwa mkandarasi mwenyewe ndiye anayehangaika mkataba wake uonekane.

Ubia, ambako kosa moja linadumu miaka 30

Zabuni ya madawati ikiharibika, hasara huisha mwaka huohuo. Mkataba wa ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi unaweza kuwafunga hata watoto ambao hawajazaliwa.

Mwaka 2003 uendeshaji wa maji ya Dar es Salaam ulikodishwa kwa kampuni ya City Water kwa miaka 10. Kampuni zaidi ya moja zilikuwa zimepita mchujo wa awali, lakini mwishoni ilikuja zabuni moja. Mei 2005 serikali ilitangaza kuvunja mkataba, na shauri likafika ICSID, kituo cha kimataifa cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, ambako Julai 2008 iliamuliwa kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda wawekezaji, bila kutakiwa kulipa fidia. Zabuni ikibaki na mmoja, hatua sahihi ni kusimama na kuwauliza waliojiondoa kwa nini wameondoka. Mara nyingi watasema takwimu za mtandao hazikuaminika au hatari zote zilitupiwa mwekezaji. Hayo hurekebishika kabla ya kusaini, siyo baada.

Mapendekezo yanayoletwa na mwekezaji mwenyewe yanahitaji macho manne. Kenya, mwaka 2024, pendekezo la kampuni ya Adani ya India la kuendesha uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, kwa miaka 30 liliingia kwa njia hiyo, na wananchi wakalijua lilipovuja. Septemba mahakama ikasimamisha, wafanyakazi wa uwanja wakagoma, na 21 Novemba Rais William Ruto akatangaza kulifuta. Njia hiyo inaruhusiwa katika nchi nyingi, na wakati mwingine huleta wazo ambalo serikali haikuwa nalo. Tatizo ni jinsi ya kulishindanisha. Ukimpa mwenye wazo haki ya kulingana na bei ya mshindi, wengine hawaji: nani atumie fedha nyingi kwa wanasheria na wahandisi, ashinde, kisha mwenzake aseme "nami naweza bei hiyo" na kupewa? Afadhali kumpa alama za ziada kwa asilimia iliyotangazwa mapema, au kumrudishia gharama za upembuzi yakinifu endapo mwingine atashinda, halafu zabuni iwe wazi na muda uwe wa kutosha kuandaa.

Kisha kuna malipo yaliyofichika. Mkataba wa kampuni binafsi ya kufua umeme IPTL na shirika la umeme TANESCO wa 1995, megawati 100 kwa miaka 20, ulifungwa nchi ikiwa imebanwa na ukame, na ndani yake kulikuwa na malipo ya uwezo wa mtambo, yanayodaiwa hata mtambo usipowashwa. Hakuna raia anayeweza kulihoji jambo asilolijua. Katika ubia, hadharani kunatakiwa kuwe na mkataba wenyewe, dhamana zote za serikali na kiwango cha mapato iliyokubali kukihakikisha, kanuni ya kupandisha tozo, malipo ya kuvunja mkataba mapema, na ripoti ya utendaji ya kila mwaka. Wawekezaji watasema ni siri ya biashara. Siri ya kweli ipo, mathalani michoro ya teknolojia yao au masharti yao na wasambazaji, na hiyo inaweza kufunikwa wino kifungu kwa kifungu, sababu ikiandikwa pembeni. Tozo atakayolipa abiria haimo humo.