Je, Wajua Kwa Nini Marabi Hubishana Kuhusu Waya Unaozunguka Mji?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba eruvi ni uzio wa kuigiza: Wayahudi huzungushia mtaa waya, kisha hujihesabu wamo ndani ya ua mmoja, ili siku ya Sabato, ambapo sheria yao hukataza kubeba vitu nje, waweze kubeba funguo, vitabu vya sala na watoto wachanga nje ya nyumba zao. Nikadhani pia kwamba marabi wanaoipinga hawaridhiki na wembamba wa waya huo. Yote mawili si kweli, na kosa la kwanza ndilo lililozaa la pili.

Waya haukuwekwa badala ya ukuta, bali badala ya kizingiti cha juu cha mlango. Fikiria nyumba ambayo fundi ameshaweka fremu lakini ubao wa mlango haujaletwa: anayepita hapo tunasema amepita mlangoni, wala hakuna anayedai kwamba ukuta umebomoka. Sheria ya Kiyahudi huichukulia fremu vivyo hivyo. Nguzo mbili na kitu kilicholala juu yake ni mlango, na mlango ni sehemu ya ukuta; zikipangwa fremu za kutosha kuuzunguka mtaa, mtaa huo una ukuta wenye milango mingi. Ndiyo maana waya hupaswa kupita juu ya kichwa cha nguzo, kwa kuwa kizingiti hakipigiliwi ubavuni mwa mwimo. Nguzo za simu aghalabu hubeba waya ubavuni, hivyo chini ya waya huo moja kwa moja hupachikwa ufito wima wa karibu mita moja, na ufito huo ndio unaohesabiwa kuwa mwimo.

Ubishi mkubwa unahusu barabara. Fremu tupu hutosha pale ambapo kubeba kulikatazwa na walimu wa kale. Mahali palipokatazwa na Torati yenyewe, yaani njia ya umma halisi, wengi hudai milango inayofungika. Sharti moja la njia hiyo ni upana wa dhiraa 16, kama mita 8, nao unapatikana kwa urahisi mjini. Rashi, mwanazuoni wa Ufaransa wa karne ya 11, aliongeza sharti la watu 600,000, idadi ya wanaume waliotoka Misri, lakini Maimonides, mwanazuoni mwingine mkubwa, hakuliweka, na Talmudi, mkusanyo wa kale wa mijadala ya sheria ya Kiyahudi, haiitaji idadi hiyo waziwazi katika tafsiri yake ya njia ya umma. Hata wanaolikubali sharti hilo huulizana: je, watu hao wapite katika barabara moja, au wahesabiwe katika mji mzima? Rabi Moshe Feinstein wa New York alihesabu eneo pana la mji, akapinga eruvi ya Brooklyn, sehemu ya mji huo.

Huko Manhattan, sehemu nyingine ya New York, Rabi Yehoshua Siegel aliruhusu kubeba upande wa mashariki mwaka 1905, akitegemea kingo za mto na reli iliyoinuliwa juu ya nguzo. Mwaka 1962 chama cha marabi kikatangaza katazo la kubeba humo. Leo eruvi ipo Manhattan na Brooklyn. Katika mtaa uleule, mama mmoja husukuma kigari cha mtoto kwenda sinagogi, na jirani yake anayemfuata rabi mwingine hubaki nyumbani mpaka mwanawe aweze kwenda kwa miguu yake mwenyewe.