Dawa Nyekundu Iliyotoka Udongoni

Wagonjwa wengi wa saratani ya matiti hushtuka siku ya kwanza ya tibakemia: dawa inayoingia mshipani ni nyekundu kama juisi ya rozela, na baadaye mkojo nao unakuwa mwekundu. Hiyo si damu. Ni rangi ya doksorubisini, dawa iliyotokana na bakteria wa udongoni.

Miaka ya 1950, watafiti wa kampuni ya Farmitalia nchini Italia walichunguza udongo wa karibu na Castel del Monte, ngome ya karne ya 13. Wakakuta bakteria wa jamii ya Streptomyces anayetoa rangi nyekundu kali, na ndani ya rangi hiyo mlikuwa na daunorubisini, ambayo hadi leo inatibu saratani ya damu. Baadaye wakambadili vinasaba bakteria huyo kwa kemikali, akaanza kutoa doksorubisini, inayofaa kwa aina nyingi zaidi za saratani.

Jamii hii ya bakteria ndiyo inayoupa udongo ile harufu ya mvua za kwanza. Huko chini chakula kinagombewa, nao hujihami kwa sumu. Doksorubisini hujipenyeza kwenye nyuzi za DNA na kukwamisha kimeng'enya kinachozikata na kuziunga. Nyuzi zinabaki zimekatika, seli inakufa. Seli za saratani hugawanyika mfululizo, kwa hiyo huumia sana. Lakini mizizi ya nywele na uboho (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) pia huzaa seli kwa kasi, ndiyo maana nywele hunyonyoka na kinga hushuka. Ukipata homa ukiwa kwenye dawa hii, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Naulizwa mara nyingi kama kula udongo kunakinga saratani. Hapana. Udongo wa pemba wa sokoni hauna dawa hii, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo au madini ya risasi. Dawa husafishwa kiwandani na kupimwa kulingana na mwili wa mgonjwa.

Hata hivyo inaweza kudhoofisha moyo, na hatari huongezeka kadiri dozi zinavyojumlishana, hata zikipishana miaka. Kwa hiyo moyo hupimwa kabla ya kuanza. Ukihamia hospitali nyingine, hakikisha umebeba maandishi yanayoonyesha jumla ya doksorubisini uliyokwisha kupewa, na umwonyeshe daktari kabla hajakuandikia nyingine.