Wa Kike Tunamfungia, wa Kiume Tunamwachia

Mama mmoja wa Tandika, Dar es Salaam, alimleta binti yake kwenye kliniki yetu ya ushauri wa watoto na familia kwa sababu ya kichwa. Kilikuwa kinamuuma karibu kila siku. Alishapimwa malaria, alishapimwa macho, hakuna kilichoonekana. Mwalimu naye alikuwa anamlalamikia kwamba anasinzia darasani. Binti ana miaka 12, yuko darasa la sita. Wakati tunazungumza, pacha wake wa kiume alikuwa nje kwenye benchi, anachezea kizibo cha chupa kwa ncha ya kiatu, anasubiri tumalize warudi nyumbani. Nilipouliza habari zake mama alinijibu haraka: "Huyu hana shida. Wa kiume huyu, anajitunza mwenyewe."

Mama ameridhia nieleze habari hii, na nimebadilisha mambo kadhaa ili familia isitambulike. Nitawaita watoto Kulwa na Doto, kama mapacha wengi wanavyoitwa kwetu. Kulwa ndiye mvulana.

Kwa mtu wa kazi yangu, mapacha wa namna hii ni kama mizani. Wana umri mmoja, wanasoma darasa moja, wanalala chumba kimoja na kula sufuria moja. Nilimwomba mama anisimulie siku ya jana ya kila mtoto, saa kwa saa, nami nikaandika kwenye karatasi mbili.

Ya Doto ilijaa upesi. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akafagia uwanja, akaosha vyombo vilivyolala, akawasha jiko la mkaa, akachemsha chai, akamvalisha mdogo wao. Akaenda shule. Alirudi saa tisa, akabadili nguo, akabeba ndoo kwenda bombani, kisha akampokea mama gengeni. Jioni akasonga ugali, akamwogesha mdogo, akaosha vyombo tena. Alipofungua daftari ilikuwa saa nne kasoro usiku. Mama akaongeza mwenyewe, kwa sauti ya chini: "Na umeme ulikuwa umekatika."

Ya Kulwa: aliamka saa kumi na mbili na nusu, akanywa chai, akaenda shule, akarudi, akaenda mpirani. Hapo mama akanyamaza. Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku hakuwa na la kuniambia. "Anakuwa na wenzake." Wapi? "Hukohuko mtaani. Kibanda umiza." Yaani kile kibanda cha mtaani cha kulipia video na gemu.

Wengi wakitazama karatasi hizo wataona dhuluma moja, ya Doto, na ni dhuluma kweli. Mimi nilianza kuihofia zaidi ile nafasi tupu kwenye karatasi ya Kulwa.

Kabla ya kufika huko, kuna swali ambalo wazazi huniuliza na linastahili jibu la haki: je, si ndivyo walivyoumbwa? Tofauti zipo. Jinsia ya mtoto huamuliwa na mbegu ya baba, ikibeba kromosomu X au Y, na nalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa bado wapo wanawake mjini hapa wanaonyanyaswa kwa "kuzaa wasichana tu". Shirika la Afya Duniani lilipotoa viwango vya ukuaji wa watoto mwaka 2006, lilitenganisha chati ya wavulana na ya wasichana. Mvulana wa wastani akifikisha mwaka mmoja ana kilo 9.6, msichana 8.9. Lakini fuata mistari hiyo hadi miaka mitano: mvulana 18.3, msichana 18.2. Gramu mia moja, uzito usiofika mayai mawili. Na huyo tunayemwita mwenye nguvu ndiye dhaifu zaidi anapozaliwa, kwani karibu kila nchi watoto wa kiume hufariki zaidi katika mwaka wa kwanza kuliko wa kike.

Kwa wastani wasichana hutangulia kidogo kusema, na wavulana hutukutika zaidi. Nasema kwa wastani, maana hakuna mtaa usio na binti anayepanda mwembe hadi kileleni na kijana anayependa kukaa na kitabu chake. Mwaka 2005 mwanasaikolojia wa Marekani, Janet Hyde, alikusanya chambuzi 46, ambazo kila moja ilikuwa imejumlisha tafiti nyingi kuhusu tofauti za kisaikolojia za jinsia hizi mbili: hesabu, lugha, kujiamini, ukali, uongozi. Asilimia 78 ya tofauti zilizopimwa zilikuwa ndogo au hazipo kabisa. Mojawapo ya zile kubwa ilikuwa nguvu ya kurusha kitu kama mpira. Kuosha vyombo hakumo.

Kuna jaribio jingine la Marekani, la mwaka 2000, ambalo huwa nawasimulia kina mama. Watoto wa miezi 11 walitambazwa kwenye mteremko wa mbao uliokuwa unaongezwa ukali hatua kwa hatua. Mama wa kila mtoto aliombwa kwanza akisie mwanawe ataweza mteremko wa kiasi gani. Mama wa wavulana walikisia juu ya uwezo wa watoto wao, mama wa wasichana wakakisia chini. Watoto walipotambaa wenyewe, hapakuwa na tofauti. Hawajatimiza hata mwaka mmoja, hawajui hata kusema, na tayari mtu anayewapenda kuliko wote anawatazama kwa macho mawili tofauti.

Macho hayo ndiyo huja kuwa maneno. Mvulana wa miaka minne akidondoka kibarazani goti likachubuka, anaambiwa "nyamaza, mwanaume halii". Dada yake akichubuka, anabebwa na kupulizwa. Mvulana akifanya vibaya tunamtukana kwa kumfananisha na dada yake, "unalialia kama mtoto wa kike", na kwa tusi hilo moja tunawafundisha wote wawili: yeye afiche maumivu, dada ajue kwamba kuwa msichana ni aibu. Kijana aliyezoeshwa hivyo akija kwangu na miaka 17, hana neno lolote la kueleza kilichomo moyoni isipokuwa "nimekasirika". Duniani wanaume wanaojiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Sababu ni nyingi, lakini ulimi uliofungwa tangu utotoni sitaacha kuutaja.

Halafu inakuja balehe. Msichana huanza kubadilika kati ya miaka 8 na 13, mvulana kati ya miaka 9 na 14, na ndiyo maana Doto sasa anampita pacha wake kwa kichwa kizima. Urefu ule unamponza. Majirani wanamwona mtu mzima, anapewa kazi za mtu mzima, na wanaume wanaanza kumsemesha kama mtu mzima, wakati ni mtoto aliyezaliwa siku moja na yule anayeitwa "kadogo".

Hata hivyo Doto ana somo yake, mwanamke wa kumfunda. Dada wa mama alishamweka chini, akamweleza hedhi, akamwonyesha namna ya kutumia pedi na kufua kitambaa, akamwambia asiogope. Kulwa hana mtu. Zamani huku Pwani mvulana alipelekwa jandoni, akakaa kumbini na wenzake, na pamoja na kutahiriwa akafundishwa: heshima, usafi wa mwili, namna ya kuishi na watu. Siutamani uchungu wa kisu cha ngariba wala uchafu wake, na nashukuru watoto wetu wanatahiriwa hospitali kwa ganzi. Lakini tulipohamisha kisu tulisahau kuhamisha mafunzo. Mtoto anarudi nyumbani na shuka na soda, kidonda kinapona, basi. Akiota ndoto nyevu kwa mara ya kwanza anadhani ni ugonjwa, na anayemweleza ni rafiki wa miaka 15 mwenye simu yenye video chafu. Baba, hilo ni lako. Dakika kumi mkiwa mnaosha bajaji zinatosha kuanza.

Sasa turudi kwenye nafasi tupu. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Takwimu hiyo imesemwa sana, na inafaa isemwe. Ile ya pili haisemwi: kwa wavulana ilikuwa takriban mmoja kati ya saba. Lipime hilo kwa darasa la wavulana 35. Ni watoto watano.

Sisi wazazi wa Dar es Salaam tunamlinda binti kwa kumfungia jikoni, na kijana hatumlindi kabisa. Binti akichelewa nusu saa, simu zinapigwa. Kijana akirudi saa tatu usiku anaulizwa tu kama ameshakula. Na wanaowinda watoto wanalijua hilo. Wanajua pia kwamba mvulana hatasema, kwa kuwa ameshaambiwa tangu ana miaka minne kwamba mwanaume hasemi linapomuuma. Wavulana waliofanyiwa ukatili hufika kwetu wakiwa wamechelewa mno, mara nyingi kwa jambo jingine: mtoro, anakojoa kitandani, anapiga wadogo zake.

Ikitokea, kwa binti au kwa kijana, usimwogeshe na usifue nguo zake. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, maana dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi hutakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Toa taarifa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina gharama, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Usikubali kumaliza kifamilia.

Kuhusu kazi za nyumbani sitasema mengi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa jinsia yake, na haikusema nje ya nyumba tu. Baba wengine huniambia kijana akishika mwiko atalegea. Nawauliza: chipsi za mjini hapa anakaanga nani? Supu ya asubuhi na mishikaki ya jioni ni ya nani? Pilau ya harusi kwenye masufuria makubwa inapikwa na nani? Wanaume, na hakuna aliyelegea. Tumekubali kwamba mwanaume apike kwa malipo; kinachotushinda ni apike kwa ajili ya dada yake. Na kwa Waislamu wenzangu, Bi Aisha alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiitumikia familia yake, na swala ikifika alitoka kwenda kuswali.

Kwa hiyo ninachokuomba, mzazi, ni karatasi mbili kama zile. Ziandike leo usiku, za jana, bila kumwuliza mtoto kwanza, kisha umwite akusahihishe. Utashangaa ni wapi hujui.

Mara ya tatu familia ile ilikuja na baba. Nilikuwa nimesisitiza aje, na alikuja akiwa na haraka, bajaji ameiacha juani. Nikamwita Kulwa ndani, nikamwomba ajaze mwenyewe ile sehemu tupu. Akaandika: kibandani, kucheza gemu. Nikamwuliza hela za gemu anapata wapi. Akasema halipi. Kuna kaka mmoja wa pale, wiki mbili sasa anamwachia acheze bure, na amemwambia siku moja abaki wakishafunga amsaidie kupanga viti.

Baba alinyanyuka kwenye kiti. Nilimsihi akae, kwa kuwa mtoto alikuwa anamtazama yeye, si mimi. Alipokaa aliuliza jambo moja tu: "Kwa nini hukuniambia?"

Kulwa alijibu huku anakunja pembe ya karatasi: "Ulisema nisiwe nakuletea maneno kama mtoto wa kike."

Hakuna lililokuwa limetokea bado. Tulihakikisha hilo kwa utulivu, kwa siku kadhaa. Baba alitaka kukusanya vijana wa kijiweni wakamshughulikie mtu yule. Nilimkatalia, tukaenda pamoja kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata na kwenye dawati, na suala sasa liko mikononi mwao. Nyumbani wamepanga upya. Maji anachota Kulwa, vyombo vya usiku ni zamu, na genge linafungwa mapema siku tatu za wiki, jambo ambalo kwa mama yule ni hasara ya fedha halisi na amekubali kuibeba. Kichwa cha Doto bado kinauma mara mojamoja.

Karatasi zao za wiki iliyopita ninazo mezani. Doto amefungua daftari saa moja na nusu usiku. Ya Kulwa, kati ya saa kumi na moja na saa tatu, ameandika yeye mwenyewe kwa kalamu nyekundu: mpira, bombani, kuoga, kula, hesabu, kuongea na baba.