Je, watu wanaweza kuishi pamoja bila mtawala wala tamaa ya faida?

Wengi hujibu haraka kwamba haiwezekani: pasipo mkubwa watu watapigana, na pasipo faida hakuna atakayeinua jembe. Lakini Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, hawana chifu. Huishi katika kambi ndogo za watu kama 20 hadi 30. Nyama ya mnyama mkubwa hugawanywa kambini, na ugomvi ukizidi, mtu huhamia kambi nyingine. Basi inawezekana. Cha kutazama ni kitu gani hushika nafasi ya mtawala pale asipokuwepo.

Mwaka 1968 mwanabiolojia Mmarekani Garrett Hardin alidai kuwa malisho ya wote hayana budi kuharibika. Kila mfugaji ataongeza ng'ombe mmoja, kisha mwingine, kwa kuwa faida ni yake peke yake ilhali hasara inabebwa na wote. Kwa hoja hiyo, dawa ni serikali au hatimiliki. Elinor Ostrom, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii ambazo kweli zinamiliki mali kwa pamoja, na akakuta nyingi zimedumu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Törbel, kijiji cha milimani Uswisi. Tangu 1517 wanakijiji walikubaliana kwamba mtu asipeleke malishoni ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Tazama akili iliyomo humo! Kipimo ni nyasi zako mwenyewe, na jirani hahitaji mpelelezi kujua zizini mwako mna ng'ombe wangapi. Hata hivyo palikuwa na msimamizi wa kuwatoza faini wakaidi, na nusu ya faini ilikuwa yake. Kwa hiyo mamlaka ilikuwepo, na faida pia ilikuwepo, ila zote zilifungwa kwa kamba fupi mikononi mwa watu wale wale zilizowahusu.

Vivyo hivyo Valencia, Hispania, ambako wakulima huchagua wenzao kuamua kesi za maji ya umwagiliaji. Hukutana kila Alhamisi adhuhuri mlangoni mwa kanisa kuu, husikiliza kwa mdomo, na hukumu hutoka papo hapo.

Na faida je? Hapa nadhani tunawadharau binadamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulifuatilia vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto, basi vituo 6 vikaanza kutoza faini. Uchelewaji ukaongezeka karibu mara mbili! Zamani mzazi aliona haya kumchelewesha mwalimu. Sasa aliona amenunua muda wake. Faini ilipofutwa, haya haikurudi. Pesa haikuongezea nguvu wajibu uliokuwepo, iliuondoa na kukaa mahali pake.

Lakini haya inataka mtu wa kumwonea haya, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mia moja wanaweza kujuana kwa majina na kujua nani mvivu na nani mgonjwa. Milioni moja hawawezi. Mgeni akichukua maji yako usiku na kutoweka, kejeli za majirani hazimfikii, wala huwezi kuihama nchi nzima kama Mhadzabe anavyohama kambi. Jamii kubwa zilizojaribu njia hii hulazimika kuunganisha vikundi vidogo kwa wajumbe, na mjumbe asiyeweza kuondolewa na waliomtuma ni mtawala tayari, hata akiitwa jina jingine.

Degania, kibbutz ya kwanza (kijiji cha ujamaa cha Wayahudi) katika Israel ya leo, ilianzishwa mwaka 1910 na watu wachache waliokubaliana kumiliki kila kitu pamoja. Iliishi hivyo kwa zaidi ya miaka 90. Mwaka 2007 wanachama wenyewe walibadili mfumo, kila mmoja akaanza kupokea mshahara kulingana na kazi yake. Hawakulazimishwa na mtawala yeyote, walipiga kura.