Kurejelewa si kunukuliwa

Kwenye mahafali ya kidato cha sita hapa Tabora, mshereheshaji alimkaribisha mgeni rasmi, mkemia anayechunguza misombo iliyomo kwenye mizizi ya miti ya miombo. Akasema: "Amenukuliwa mara 1,800 na h yake ni 22, maana yake ameandika makala 22." Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilibaki na lile neno la kwanza, "amenukuliwa", kwa sababu nalisikia kila mahali: redioni, kwenye wasifu wa wahadhiri, hata kwa walimu wenzangu wa kemia.

Hiyo h, kipimo cha jinsi makala za mtafiti zinavyorejelewa na wenzake, niimalize haraka. Ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Panga makala za mtu kuanzia iliyorejelewa zaidi, kisha shuka ukihesabu mpaka idadi ya marejeo ishindwe kufikia namba ya mstari; mstari wa mwisho uliofikiwa ndio h. Mwenye makala tano zilizorejelewa mara 50, 12, 4, 3 na 1 ana h ya 3. Kwa hiyo h ya 22 inatuambia kwamba makala zake 22 zimerejelewa mara 22 au zaidi kila moja. Jumla ya makala zake inaweza kuwa 22, inaweza kuwa 90.

Sasa nukuu. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa nakala na nakili: kuhamisha kitu kutoka hapa kukipeleka pale. Anayenukuu huhamisha maneno kama yalivyo, na alama za kunukuu huonyesha yanapoanzia na yanapokomea. Rejea nalo ni la Kiarabu, lakini maana yake ni kurudi. Kurejelea ni kurudi kwenye jambo lililokwisha kusemwa au kufanywa. Mrina asali wa huku hurejea kwenye mzinga uliompa, hauhamishi.

Katika kemia ogania, yaani kemia ya misombo ya kaboni, tofauti hii ni kubwa mno. Sehemu nzito ya makala zake ni majaribio: gramu ngapi, kiyeyushi gani, halijoto gani, saa ngapi, mavuno asilimia ngapi. Nani atanukuu hayo? Mkemia wa nchi nyingine hufuata utaratibu ule ule kwenye chupa zake, halafu huweka kinamba kidogo mwishoni mwa sentensi kuonyesha alikoutoa. Kinamba hicho ndicho kinachohesabiwa. Anaweza kukiweka kwa shukrani, na anaweza kukiweka kusema kwamba alijaribu na haikufanya kazi. Vyote viwili huhesabiwa rejeo moja. Mtu hurejea jikoni kuongeza mboga, na hurejea pia akisikia harufu ya kuungua.

Tena wapo wanaotumiwa bila kurejelewa. Mwaka 1978 mkemia W. Clark Still na wenzake wawili walichapisha njia ya kutenganisha misombo kwa haraka kwenye safu ya silika, yaani bomba lililojazwa unga wa silika, kiyeyushi kikisukumwa kwa mgandamizo wa hewa. Leo maabara za kemia ogania duniani kote zinaitumia, na wengi hawaweki kinamba tena, kama ambavyo hatumtaji aliyetufundisha kusonga ugali. Na mkemia Robert Woodward, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1965, aliyeunda maabarani striknini, sumu ya mimea, na klorofili, rangi ya kijani ya majani, aliacha makala kama 200 tu. Wapo wakemia wa leo wenye mara mbili ya hizo ambao hawajaunda kitu kinachokaribia. Ndiyo maana neno linaniuma: ukisema amenukuliwa, msikilizaji anafikiri dunia inakariri maneno yake kwa heshima. Ukisema amerejelewa, atauliza waliomrudia walifuata nini, na hilo ndilo swali lenye maana.

Ndugu yangu mshereheshaji, uliongoza shughuli vizuri na ulitaka kumpa mgeni heshima yake. Mwakani sema hivi: "Kazi zake zimerejelewa mara 1,800, na 22 kati ya makala zake zimerejelewa mara 22 au zaidi kila moja." Kisha mpe kipaza sauti, umwombe awaambie vijana ni mzizi wa mti upi wa miombo yetu uliowafanya wenzake warudi kwenye kazi yake.